Mama wa Kitabuni Alilala Wapi

Kwanza niwafunze kushika korosho, maana nyinyi mnazijua za kwenye pakiti. Korosho iliyotoka kwenye joto ni kavu na ina kiburi. Ukiibana tumboni inagawanyika nusu mbili papo hapo, na bei yake inagawanyika vilevile. Unaishika mgongoni kwa vidole viwili, unapitisha ncha ya kisu kidogo chini ya ile ngozi nyekundu, kisha unaivua polepole kama unavyomvua shati mtoto aliyelala. Hayo ni maneno ya Bi Zuhura, aliyenifunza kazi. Mimi wakati huo sikuwa na mtoto wa kumvua shati, lakini nilimwelewa.

Mwalimu wenu ameniomba nije niwaeleze kazi ya kiwandani, na nitawaeleza. Nilifanya kazi katika kiwanda cha korosho pale Kilifi miaka ya themanini yote, tangu nikiwa mke mchanga huko Tezo hadi nikawa yule mama ambaye wasichana wapya wanaambiwa, "Nenda ukae karibu na Sidi akuonyeshe." Lakini nilimwambia mwalimu mapema kwamba nikianza kusema juu ya korosho, nitaishia kusema juu ya kitabu, kwa sababu kichwani mwangu vitu hivyo viwili vimekaa chumba kimoja. Akacheka, akasema niseme nipendavyo. Basi nyamazeni huko nyuma.

Nilianzia sehemu ya kubangua. Korosho mbichi ina ganda gumu, na ndani ya ganda kuna mafuta meusi yanayounguza ngozi. Siku yangu ya kwanza pua iliniwasha, nami nikaikuna. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Kufikia jioni pua ilikuwa imefura, na baada ya siku chache ikaanza kubambuka kama kiazi cha kuchemsha. Mume wangu Kazungu alikuwa akifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Malindi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Aliponiona alisimama mlangoni na mfuko wake begani, akauliza, "Umepigana na nani?" Nikamwambia, "Na korosho." Hakuamini hadi aliponusa mikono yangu.

Baadaye nikahamishiwa kwenye banda la kumenya na kuchambua, ambako kazi ilikuwa safi na midomo ilikuwa huru. Tulikaa wanawake wengi kwenye meza ndefu, kila mmoja na trei yake: nzima nyeupe huku, zilizoungua kidogo huku, nusu huku, vipande kule. Bi Zuhura alikaa kulia kwangu. Alikuwa mama wa Takaungu, Mswahili wa kuzaliwa, na kila asubuhi alivuka kwa feri kuja kazini. Siku feri ikichelewa, naye alichelewa, akaingia akiisema kama mtu anayemsema shemeji yake. Kushoto kwangu alikaa Tabitha. Huyu alitoka Ukambani, amemfuata mumewe fundi wa ujenzi, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kifupi, kinachokwenda mbio.

Saa ya chakula cha mchana tulikuwa tukitoka nje, tunakaa juu ya magunia matupu nyuma ya ghala, penye kivuli cha ukuta. Sisi tulikula na kuongea. Tabitha alikula haraka, akatoa kitabu ndani ya kikapu, akatuacha. Yaani alikuwa pale, lakini hayuko. Siku moja akacheka peke yake, kicheko cha kweli, hata akashika mbavu.

Nikamwuliza, "Tabitha, unacheka na nani?"

"Na hawa."

"Kina nani?"

Akaniinulia kitabu. Hakikuwa na jalada. Alikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu Mombasa, na hata yeye hakujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, na mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima anasoma kitabu kisicho cha dini wala cha mtihani. Nilidhani kitabu ni kitu unachokimaliza ili upewe kingine, kama dawa. Sasa huyu anakicheka! Nilitamani kujua kuna nini humo, tamaa ile ile unayoipata ukisikia watu wanaongea chumba cha pili.

Bi Zuhura akasema, "Basi tusomee nasi tucheke. Au hao wako ni wa faragha?"

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku Tabitha alisoma kwa sauti, nasi tunatafuna mihogo yetu polepole ili isimfunike. Mara kwa mara alikwama kwenye neno la pwani asilolijua, akamgeukia Bi Zuhura. Bi Zuhura hakuzijua herufi za kizungu, yeye alisoma za Kiarabu tu, lakini hakuna neno lililomshinda.

"Kutahayari ni nini?"

"Kutahayari ni ile haya inayokupanda usoni ukikutwa jikoni unakula nyama peke yako."

Hapo hata mimi nililielewa, na sijalisahau.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna fundi wa baiskeli anaitwa Hamadi, ana mke anaitwa Tima, na wanaishi na mama yake Hamadi, Bi Rehema. Huyu Bi Rehema alikuwa moto. Alihesabu vijiko vya sukari. Alionja chakula cha Tima akasukuma sahani bila kusema neno. Akimwita Tima hakumwita kwa jina, alikohoa. Sote pale kwenye magunia tulimchukia kwa moyo mmoja, na kumchukia mtu kwa pamoja, wanangu, ni raha kubwa, msidanganywe.

Lakini mimi nilimchukia zaidi ya wote, kwa sababu nilimjua. Nilikuwa naye nyumbani.

Mavyaa wangu, mama yake Kazungu, aliitwa Jumwa. Kwa kuwa Kazungu alikuwa Malindi, nyumba ilikuwa yetu sisi wawili, na siku nyingine tuliamka na kulala tukiwa tumeambizana maneno yanayoenea kwenye kiganja: maji yako wapi, kuku wameingia, mvua. Sikuweza kusema amenitenda jambo fulani. Alikuwa tu na uso uliofungwa. Na nyuma ya uso ule mimi niliweka kila kitu nilichokuwa nakiogopa, kwa sababu miaka ilikuwa inapita tangu niolewe na sikuwa nimeshika mimba. Hakuna aliyenitaja kwa hilo mbele yangu. Walikuwa wananitazama tumbo, kisha wanaangalia pembeni.

Halafu jirani mmoja akaniambia kisimani, kwa sauti ya mtu anayekuhurumia huku anafurahia: kuna msichana anaangaliwa huko Magarini kwa ajili ya Kazungu, na aliyemwambia Kazungu aoe tena ni mama yake.

Sikumwuliza Kazungu. Sikumwuliza mavyaa. Nilibeba maji yangu nikaenda. Mtanishangaa, kwa sababu nyinyi mnaulizana kila kitu kwa simu. Mimi nilikuwa najiona mtu mpole, asiyependa maneno. Kumbe sikuwa mpole. Nilikuwa naogopa jibu.

Ila jioni hiyo hiyo nikapata njia ya kumchoma. Nilikuwa nimetoka kazini, jua bado liko juu, mavyaa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikakaa kuchambua mchicha. Nikasema, "Mama, kazini tunasomewa kitabu. Kuna mwanamke mmoja humo, mbaya sana."

Nyumbani tulisema Kigiriama, hapa nawafasiria.

"Amefanya nini?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Nikamhadithia Bi Rehema wote, na nikamtia chumvi na pilipili. Nikahesabu sukari kwa vidole. Nikakohoa kama anavyokohoa. Nilitaka ajisikie, na nilikuwa nangoja akasirike ili hatimaye tugombane tumalize. Yeye akaendelea kukuna, kifuu kinazunguka mkononi. Nilipomaliza akauliza:

"Analala wapi?"

"Nani?"

"Huyo mama. Nyumba yao ina vyumba vingapi?"

Sikujua. Hata sikuelewa kwa nini anauliza. Nikasema kitabu hakikusema.

"Kimesema," akanijibu. "Nyinyi hamkusikia. Kaulize."

Usiku huo nilitafuta hasira yangu sikuiona. Mahali pake palikuwa na swali.

Kesho yake nikamwambia Tabitha. Akacheka, lakini Tabitha alikuwa mtu asiyeweza kuacha swali limekaa, akakirudisha kitabu nyuma hadi mwanzoni kabisa, akawa anapitisha kidole. Sisi tunamngojea kama tumepoteza ng'ombe. Mara akasema, "Ehe." Akatusomea mstari mmoja mfupi, tulioupita siku ya kwanza kabisa bila hata kupepesa macho: Hamadi alipooa, mama yake alitandika mkeka wake jikoni, karibu na meko, na tangu hapo alilala huko.

Ni hayo tu. Wala mwandishi hakusema ni vibaya au ni vizuri.

Bi Zuhura aliweka chini kipande chake cha muhogo. Alikuwa na wana wawili waliooa, akikaa nao. "Mstari huu," akasema, "mbona hatukuusikia?" Mwanamke mwingine akasema haidhuru analala wapi, roho mbaya ni roho mbaya hata ukiilaza kwenye godoro. Mwingine akasema, wewe lala kwenye moshi miaka kadhaa kisha utuambie roho yako iko vipi. Hapo wakapandishiana sauti, na king'ora kilipolia tukaingia bandani tukiendelea.

Mchana ule nilichambua vibaya kuliko siku yoyote maishani. Mikono yangu ilikuwa kwenye trei na kichwa kilikuwa jikoni kwa Bi Rehema. Nikamimina nusu kwenye nzima, trei baada ya trei. Nyapara wetu, Bwana Charo, akaja, akachota korosho kwa kiganja, akanitazama. "Sidi, leo hizi ni nini?" Bi Zuhura akamjibu kabla yangu: "Bwana Charo, kuna mama amehamishiwa jikoni." Akadhani ni msiba wa jamaa yetu, akatupa pole, akaondoka taratibu. Ilinibidi nirudie kazi yote. Nawaambia hivyo mjue kwamba hadithi nzuri na mikono ya kazi haviendi pamoja. Soma ukimaliza.

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilipofika uani nilisimama nikaitazama nyumba yangu kana kwamba mimi ni mgeni niliyekuja kuuliza njia. Nyumba kubwa ilikuwa na chumba kimoja chenye sakafu ya saruji na dirisha. Mle nililala mimi, na Kazungu akija. Kitanda kile cha kamba nilikikuta kimetandikwa siku niliyoletwa, na sikuwahi kujiuliza kilikuwa cha nani. Ng'ambo ya ua palikuwa na jiko la makuti, na ndani yake mkeka, na juu ya mkeka kanga ya mavyaa iliyokunjwa. Miaka yote ile nilipita hapo kila siku kuchukua sufuria.

Nikaenda nikaketi karibu naye.

"Analala jikoni, mama."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Anavyohesabu sukari," akasema. "Mtu mwenye chumba chake hahesabu sukari."

Tangu siku ile akawa ananingoja. Hakusema ananingoja, lakini nikifika nilikuta kiti changu kimetolewa, na kabla sijavua viatu anauliza, "Haya, leo wamefanya nini?" Na maswali yake hayakuwa kama yetu. Sisi tuliuliza nini kitatokea. Yeye aliuliza vitu vilivyokuwa nyuma ya mlango. Bi Rehema alipokuwa msichana alikuwa mcheshi? Nani alimfunza kupika? Akicheka, anafunika mdomo? Mengi ya hayo sikuweza kuyajibu, na Tabitha naye hakuweza, hata akaanza kuniuliza yeye kila asubuhi, "Leo mavyaa wako ameuliza nini?" Wanawake wa meza yetu walikuwa wanasikiliza kitabu kwa masikio ya mama ambaye hawajawahi kumwona.

Siku moja Tabitha aliugua, hakuja. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu, basi nikatunga. Nikasema leo Bi Rehema ameita majirani, akamwomba Tima radhi mbele yao wote, wakakumbatiana wakalia. Nililia hata mimi kidogo.

Mavyaa akasema, "Uongo."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Huyo hawezi kuomba radhi mbele za watu. Akitaka kuomba radhi ataacha kitu mlangoni aende zake."

Nikacheka, nikakiri. Naye akacheka, na alifunika mdomo. Lakini nilipolala yale maneno yalinirudia. Nilikumbuka wakati ule pua iliponibambuka: asubuhi nilikuta kikopo cha mafuta ya nazi kizingitini kwangu, mafuta mapya, yenye harufu bado. Nilidhani ni yule jirani. Nilimshukuru, naye akapokea shukrani!

Sasa tufike kwenye kile kilichonitia hofu. Kitabuni, Bi Rehema alimwita Hamadi faraghani akamwambia aoe mke wa pili. Tabitha aliposoma hapo, mimi nilisimama nikaenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi. Njia nzima kuelekea Tezo nilikuwa najiambia, leo usimhadithie, ruka, sema mlikuwa na kazi nyingi. Nikafika, kiti kimetolewa.

"Haya, leo?"

Nikamwambia. Sikutia pilipili yoyote.

Mavyaa aliacha kukuna. Kwa mara ya kwanza mikono yake ilikaa tu.

"Na wewe unaona kwa nini alisema hivyo?"

"Kwa sababu anamchukia Tima."

"Kitabu kimesema anamchukia?"

"Hapana. Kimesema alimwita, akamwambia."

"Basi hujui." Akaisogeza ile nazi pembeni. "Nitakwambia mimi. Huyo mama, kabla hajaolewa na babake Hamadi, aliolewa kwingine."

"Mama, hilo halimo kitabuni."

"Halimo," akasema. "Aliolewa kwingine, akiwa mdogo, na mume alimpenda. Akakaa, mtoto hakuja. Watu wa mume wakangoja, wakachoka. Siku moja walimrudisha kwao. Mchana, njia ya sokoni, na mkeka wake kichwani, watu wanatazama. Mahari ikadaiwa. Babake hakumsemesha mpaka alipopata mume mwingine. Huko kwingine ndiko alikomzaa Hamadi."

Sikuthubutu kugeuza shingo.

"Sasa amepata mkaza mwana, na mtoto haji. Anaona wale ndugu za mumewe wameanza kukaa vikao. Anajua watakachosema. Anafikiri: akija mke mwingine akazaa, nyumba itakuwa na watoto, watu watatulia, huyu wa kwanza hakuna atakayemgusa. Atakaa. Hatabebeshwa mkeka. Hivyo ndivyo alivyofikiri huyo mama. Labda alifikiri vibaya. Lakini hakuchukia."

Kuku walikuwa wanadonoa machicha ya nazi na hakuna aliyewafukuza.

Nikasema, "Na Bi Rehema mbona hakumwambia Tima hayo?"

"Angemwambia kwa mdomo gani?"

Nikatafuta mdomo wangu mimi. Nikaupata mahali ambapo yeye alikuwa amepata wake.

"Tima hataki mke mwenza, mama. Tima anasema afadhali arudishwe kuliko kugawana mume."

Akanigeukia. "Tima amesema hivyo?"

"Amesema."

"Wewe umemsikia kwa masikio yako?"

"Nimemsikia."

Akaivuta nazi, akaanza kukuna tena. Baada ya muda akasema, "Basi Tima ni mjinga. Lakini amesema."

Mwisho wa mwezi Kazungu alikuja. Mavyaa alimngoja ale, kisha akasema mbele yangu, "Lile jambo la Magarini liishe."

Kazungu akaangalia mama yake, akaniangalia mimi, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. "Lakini mama, si ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi. Na sasa ni mimi tena."

"Na ami zangu je?"

"Ami zako niachie. Waje waniambie mimi juu ya kurudisha mtu."

Mume wangu alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu Malindi. Kumbe naye hakutaka. Alikuwa akimwogopa mama yake, na akiniogopa mimi nitakapojua, akawa anaomba tu mwezi usiishe. Watu watatu katika nyumba moja, kila mmoja anamlinda mwenziwe dhidi ya jambo ambalo hakuna aliyelitaka.

Mtoto hakuja, nawaambia mapema msije mkamngojea. Tulimlea Dama, binti wa dadake Kazungu, na wengine wenu mnamjua. Chumba cha pili tulikijenga, cha saruji, na mavyaa alikataa kuhamia akisema moshi wa jikoni unafukuza mbu. Alikataa msimu mzima wa masika. Kisha siku moja nikarudi kazini nikakuta mkeka wake umeingia wenyewe, na yeye analalamika kwamba dirisha ni kubwa mno.

Nimejiuliza mara nyingi, na bado najiuliza, kwa nini aliweza kusema juu ya Bi Rehema kile alichoshindwa kusema juu ya Jumwa. Niliwauliza wenzangu pale kwenye magunia, bila kuwaambia yote. Tabitha alisema ukisoma unapumzika kuwa wewe, na ukirudi unajiona kama mtu anayerudi kutoka safari, unaona vumbi ambalo hukuliona ulipokuwa ukikaa nalo. Bi Zuhura hakukubali. Alisema, "Wallahi, sababu ni rahisi. Mtu wa kitabuni hana jamaa hapa mjini. Mseme utakavyo, hakuna wa kumfikishia." Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki. Huenda wote wawili. Nyinyi mliosoma zaidi mtaniambia.

Ninachojua ni kwamba nilianza kusoma mwenyewe. Tabitha aliniachia kitabu Jumamosi hadi Jumatatu, nami nikawa nakisoma kwa kidole, neno moja moja, mavyaa akinihimiza kama mtu anayemhimiza punda: "Haya, haya, kisha?" Nilikuwa napotea mstari, narudi, nachanganya majina, na sikutaka kuacha. Hakuna aliyekuwa ananitahini. Mkisoma hadithi, wanangu, msiogope kwenda polepole. Na yule mtu mnayemchukia kuliko wote humo ndani, mkawe na udadisi naye. Mimi hadi leo nikikutana na mtu mgumu, dukani au kanisani, kabla sijakasirika najikuta nauliza moyoni usiku wake anaupitishia wapi. Mara nyingi sijui. Lakini nikiuliza, sauti yangu inashuka.

Sasa ule mwisho. Tabitha aliusoma siku ya joto kali, na alisoma akiwa amesimama. Bi Rehema anaugua. Hamadi amekwenda kutafuta kazi kisiwani. Tima amegombana na mavyaa wake asubuhi, amekwenda kwa mama yake mzazi. Na yule mama anakufa jikoni, alasiri, peke yake, majirani wanakuja kugundua baadaye. Kitabu kinakwisha hapo. Bi Zuhura alilia wazi wazi, akajifuta kwa ukaya wake wa kichwani. Tabitha alikifunga akakishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu akasahau ni cha nani.

Nilitembea hadi Tezo nikiupanga mwisho mwingine. Nilikuwa nimeshapata mazoezi ya kutunga. Nikasema nitamwambia amepona. Nitamwambia Hamadi amerudi. Lakini nilipofika nikaona kiti, na yeye amekaa na mikono mitupu, hakukuna wala hakuchambua kitu, kwa sababu alijua leo ndiyo siku.

"Haya?"

"Amekufa, mama."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa akilijua hilo tangu zamani. "Nani alikuwa naye?"

Ningeweza kusema uongo. Nikamtazama usoni, ule uso ambao zamani ulikuwa umefungwa, nikaona siwezi.

"Hakuna. Tima alikuwa amekwenda kwao."

Mtu alipita njiani akatusalimu, hatukumjibu.

"Hapo amekosea," akasema.

"Nani, Tima?"

"Aliyeandika. Amekosea. Tima alirudi."

"Kitabu hakisemi hivyo, mama."

"Kitabu hakisemi," mavyaa akasema, akaweka mkono wake juu ya goti langu, mkono mkavu, mzito, na akauacha hapo. "Lakini alirudi."